Dresa wa Sakina na Ngozi Inayotembea

Walisema mguu wangu utakatwa. Haukukatwa. Walisema kijana aliyekwama kidato cha nne na kuishia gereji hawezi kusoma tena. Nikasoma. Nilipopata nafasi ya kwenda India kusomea mambo ya maabara, walisema nitarudi kabla sanduku halijafunguliwa. Nilikaa miaka mitatu na nikamaliza wa pili katika darasa letu, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa daktari. Hata niliporudi hawakunyamaza. Binamu yangu, muuza mitumba mwenye mdomo kuliko wote barabara ya Nairobi, aliwakusanya watu pale mtaani kwetu Sakina akatangaza, "Jamani, huyu kavuka bahari kwenda kusomea kupima mavi!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Naandika haya nikiwa mbele ya darubini yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa jasho langu. Diploma yangu iko ukutani katika fremu ya mninga. Mguu wangu wa kulia uko chini ya meza, mzima, na kovu lake linalong'aa kama ngozi ya kitunguu. Wenye macho waone.

Lakini kila ninapoitazama ile diploma namkumbuka mtu ambaye hakuwa na cheti hata kimoja cha kutundika. Sisi wote tulimwita Dresa, jina la zamani la wafunga vidonda wa zahanati. Sijui alizaliwa wapi hasa, ila alikuwa Mmeru na alisema Kiswahili cha polepole, kila neno likipimwa kabla ya kutoka. Hakuwa daktari na ukimwita daktari alikasirika. "Daktari anaponya," alisema. "Mimi naondoa vizuizi barabarani."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo: maduka, mabasi ya watu binafsi, marobota ya mitumba, na zahanati za kulipia. Daktari mmoja mstaafu alifungua zahanati yake Sakina, nyuma ya safu ya gereji, akampa Dresa chumba cha uani chenye dirisha kubwa. Dirisha ndilo aliloliomba. Mshahara, nasikia, hakuuliza mpaka mwezi wa pili.

Mimi nilikuwa fundi rejeta katika gereji ya Singasinga mmoja, mzee mwenye kilemba cha buluu aliyetulipa kila Jumamosi bila kukosa na kututukana kila siku nyingine bila kukosa. Tulikuwa na pipa la maji ya moto yenye dawa kali, tunachemshia rejeta zilizoziba. Siku moja pipa lilipinduka likanimwagikia mguuni, kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni. Ngozi ilitoka pamoja na suruali.

Hapo binamu yangu akatokea na tiba. Maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona kama uyoga, na kila mtu alikuwa amegundua vidonge vya rangi mbili. Hukuvimeza. Ulipasua kidonge, ukamwaga ule unga juu ya kidonda, ukasubiri muujiza. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Binamu alinimwagia vidonge vinane kwa mkupuo akaniambia, "Mangi, kesho kutwa unacheza mpira." Kwetu Wachaga wa Sakina neno hilo la kifalme limekuwa la kuitana tu, hata kwa mtu aliyelala chini akilia.

Unga ukaganda na usaha, ukawa ukoko mgumu wa manjano. Wiki ya tatu mguu ukaanza kunuka. Ndipo maneno ya kukata yakaanza, na ndipo Singasinga aliponibeba kwenye gari lake mpaka uani kwa Dresa.

Dresa aliinama. Hakuniangalia usoni wala hakuniuliza jina.

"Nani amemwaga kokoto humu?"

"Ni dawa hiyo, Dresa," binamu akajibu. "Rangi mbili. Vidonge vinane."

"Vinane. Amevimeza?"

"Hapana, tumevipasua tukamwagia."

"Kwa hiyo kidonda kimekula, mgonjwa amelala njaa."

Kisha akamwambia binamu atoke nje akahesabu magari.

Nataka nieleze namna yake ya kufanya kazi, kwa sababu nimepita katika vyumba vya watu wenye digrii na sijaona mfano wake. Kwanza, hakuvuta. Wafunga vidonda wengi ninaowajua hushika ncha ya shashi iliyokauka, wakasema "pole", wakang'oa. Dresa alilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu, akasubiri. Akalowesha tena. Akasubiri. Mgonjwa alilipa muda wake kwa kukaa pale karibu saa nzima, na Dresa alikaa naye akitazama dirishani kama mtu anayengoja basi.

"Dresa, vuta tu yaishe!" nilimwambia siku ya pili. "Mimi mwanaume."

"Nikivuta nitang'oa wiki nzima. Wiki hiyo utairudisha wewe?"

Pili, alipaka mafuta ya mgando juu ya shashi ili isishike, hakuacha kidonda kikauke. Watu walimlaumu. Kidonda kikavu ndicho kinachopona, walisema, kila mtu anajua. Yeye alijibu kwamba ngozi mpya ni msafiri, na msafiri akikuta njia imekauka na kujaa kokoto atachimba kwanza apite chini, na safari ya kuchimba ni ndefu.

Tatu, na hili ndilo lililomfanya aitwe kichaa na baadhi ya watu, kila Jumatatu alitandika karatasi ya nailoni iliyofutwa kwa spiriti juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito. Alikata mifuko ya mikate, akaosha, akahifadhi kwenye bati la biskuti. Baada ya wiki kadhaa alizipanga karatasi zangu moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani. Mistari ilikaa ndani kwa ndani, duara kubwa, duara dogo, duara dogo zaidi, kama ramani ya Mlima Meru niliyoichora shuleni. Kilele chake ndiko kidonda kilikokuwa kinakimbilia kwisha.

"Umeona? Ngozi haishuki kutoka juu kama mvua. Inatoka kando, kwa miguu."

"Ngozi ina miguu, Dresa?"

Alifungua droo akatoa lenzi ya mkono, ya duara, yenye mpini wa pembe ya ng'ombe uliochakaa mpaka ukawa laini kama sabuni. Akaishika juu ya ukingo wa kidonda changu. Pale, kati ya ngozi yangu nyeusi na nyama nyekundu, kulikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya waridi iliyofifia, unang'aa kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Jumatatu iliyofuata ulikuwa umesogea upana wa njiti ya kiberiti.

"Usitazame katikati ya kidonda," aliniambia. "Katikati kunatisha tu, hakuna habari. Tazama pembeni. Habari zote ziko pembeni."

Sentensi hiyo nimeilipia ada na kuitafuta katika vitabu vizito, na sijaipata ikiwa imesemwa vizuri zaidi.

Asidhani mtu kwamba namchora malaika. Dresa alikuwa na mikono ya mkunga na ulimi wa polisi wa barabarani. Aliwagombeza kina mama mbele ya watoto wao. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kila Jumapili, lakini mwinjilisti alipokuja kumwombea mgonjwa Dresa alimzuia mlangoni: "Ngoja nifunge kwanza. Mungu haoni haraka, ila nzi wanaona." Alipiga vita majivu, mavi ya ng'ombe na rangi mbili, halafu mwenyewe alikuwa na chupa ya asali ya Oldonyo Sambu aliyoipaka kwenye vidonda vibishi, na ukimuuliza mbona asali ndiyo na majivu hapana, alisema, "Asali nimeitazama. Majivu nimeyatazama pia." Alichoma sindano watu kutwa nzima, na yeye akichomwa alilazimika kukaa chini.

Na alivaa soksi. Soksi ndefu za sufu, zile za mitumba za wacheza mpira wa Ulaya, zilizovutwa mpaka chini ya goti, Januari na Julai. Aliwaambia wagonjwa wote wavue, wapunge hewa, wanyooshe miguu. Yeye sikuwahi kuiona miguu yake. Nilidhani ni baridi ya mlimani anakoishi, na yeye aliniacha nidhani hivyo.

Alikuwa na habari moja kuhusu salamu, nayo ndiyo ninayotaka wasomaji waishike, kwa maana huko mbele itarudi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini, ngozi ikishatembea mpaka katikati na kukutana na ile iliyotoka upande wa pili, haiendelei. Mbona haipandi juu ya mwenzake ikawa lundo? Dresa alifurahi. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Adabu," alisema. "Hawa ni watu wenye adabu. Anatembea, anatembea, anamgusa mwenzake. Shikamoo. Marahaba. Anasimama hapo hapo na kushikana naye mkono. Safari imekwisha. Mwili mzima umejengwa hivyo, Mangi, na watu wanaojua kusimama wakisalimiwa."

"Na asiyesalimia?"

Alifunga bati lake la biskuti. "Huyo sasa ni ugonjwa. Asiyesalimia haendi kando. Anateremka chini, anapita katika nyumba za watu."

Siku nyingine, mguu wangu ukiwa umebakiza duara la ukubwa wa shilingi, alifika mama mmoja kijana kutoka Oldonyo Sambu, ng'ambo ya mlima, ameshika mtoto mchanga amefunikwa shuka uso mzima. Alikuja na mama mkwe wake. Walikuwa wametembea, kisha wamepanda gari la mkaa. Mtoto alikuwa na mdomo wa sungura, umepasuka mpaka puani, na maziwa yalimtokea puani.

"Hiki si kidonda," mama mkwe alisema. "Hii ni laana. Nimemwambia mwanangu. Huyu mke ana kitu."

Yule mama kijana alitazama sakafu. Ilionekana wazi kilichomngoja: akirudi bila neno la kumtetea, atarudishwa kwao, yeye na mtoto wake.

Dresa hakubishana. Nje ya zahanati kulikuwa na mama wa Kihindi, Mwislamu, aliyekaanga sambusa zilizolisha gereji zote. Dresa alitoka akarudi na manda moja mbichi, ile karatasi ya unga, na tone la uji wa ngano wa kugandishia. Akaitandika juu ya meza.

"Yeyo," alimwita mama mkwe kwa Kimaasai, kwa heshima, "njoo uone mtoto anavyoumbwa."

Mama mkwe akasogea kwa kukunja uso.

"Mwanzo wote tulikuwa bapa, kama hii. Wewe, mimi, na huyu fundi mjinga aliyejimwagia dawa ya rejeta. Halafu inatembea, inajikunja. Kando hii inakuja, kando ile inakuja." Akaikunja manda, akapaka uji, akabana. "Tumbo linafungwa hivi. Mgongo unafungwa hivi. Hata uso ulikuja kwa miguu kutoka kando. Gusa hapa chini ya pua yako, Yeyo."

Mama mkwe aligusa kile kijishimo kati ya pua na mdomo. Na mimi niligusa changu. Na yule mama kijana pia.

"Hapo ndipo wasafiri wako walipokutana. Kushoto na kulia. Wa huyu mtoto, mmoja alichelewa njiani. Akafika, amekuta mlango umefungwa. Ni hilo tu. Hakuna aliyemtuma achelewe."

Mama mkwe aliendelea kugusa mdomo wake kama anautafuta.

"Wanaweza kushonwa?" aliuliza.

"Wanashonwa. Kuna madaktari wanaokuja. Nitawaandikia jina. Mpaka hapo mnyonyesheni kwa kijiko, akiwa ameketi."

Mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto kutoka mle chumbani, uso wazi. Dresa aliikaanga ile sambusa? Hapana, aliila mbichi kidogo akaitema, akasema mama wa Kihindi anatubania chumvi. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumpigia magoti anakutemea.

Kidonda changu kilipofunga, sikurudi gereji kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshaona jambo. Nilirudi uani jioni baada ya jioni kutazama kando za vidonda vya watu, mpaka Singasinga akaniambia, "Wewe kijana, rejeta zangu zinavuja wewe unatazama majipu. Nenda kasome basi!" Ni yeye aliyekuwa na ndugu Bangalore, akaandika barua, nafasi ikapatikana. Akanikopesha na sanduku lake la ngozi, lenye pembe za shaba, la baba yake. "Nakukopesha," alisisitiza. Shangazi yangu wa Engutoto, mjane mwenye ng'ombe wawili tu katika banda la nyuma, alinikopesha mtamba mzima niuze nipate nauli. Naye alisema neno hilo hilo: mtamba kwa mtamba.

Dresa nilimuaga mwisho. Alifungua droo akanipa lenzi.

"Siwezi kuichukua, Dresa. Utatazama na nini?"

"Sikupi. Nakukopesha. Cha kupewa husahaulika. Ukirudi unirudishie, na uniambie ulichokiona. Ulichokiona kweli, siyo unachodhani nataka kusikia."

Nikaenda. Bangalore nilikula pilipili nikalia, nikajifunza Kiingereza cha haraka, nikakata tishu nyembamba kuliko nywele kwa mkono usiotetemeka, mpaka mwalimu alikuwa akiwaleta wanafunzi wa mwaka wa mbele kutazama. Nasema ukweli tu. Siku moja alitandaza safu moja ya seli katika kisahani, zile zinazofunika mwili kwa nje na kuuvika utumbo na mapafu kwa ndani, ambazo darasani tuliziita epithelia. Akakwaruza mstari katikati kwa ncha ya sindano. Tukarudi kesho yake kuzitazama. Zilikuwa zimeanza kutembea, bega kwa bega, mguu mpana ukitangulia mbele ya kila moja, kutoka kando zote mbili. Siku iliyofuata zilikuwa zimekutana na kusimama. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu akauliza nani anaweza kueleza kwa nini zimesimama. Nilinyoosha mkono nikatoa jibu la kitabuni, nikapata sifa. Moyoni nilisema: shikamoo, marahaba.

Sasa nifike kwenye sehemu nisiyoipenda.

Niliporudi sikuenda kwa Dresa. Si kwamba nilimsahau. Nilitaka kwenda kwa kishindo. Nilitaka kwanza niwe na maabara yangu, bango langu, darubini yangu, kisha nitoke siku moja nimlipe kila aliyenikopesha, mbele ya wale waliocheka. Kwa hiyo lenzi ilikaa katika sanduku la Singasinga, mwezi baada ya mwezi, nami nikapita barabara ile ile mara mia nikimwona Dresa kwa mbali, nikijificha kama mwizi. Karibu mwaka ulipita.

Darubini ilipofika, alikuja yeye. Nilisikia mlango, nikainua macho, Dresa amesimama amekonda, ameegemea fimbo.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba. Nimesikia una jicho kubwa siku hizi."

Akakaa bila kukaribishwa. Akainama, akaanza kuteremsha soksi ya mguu wa kushoto. Iliganda. Alichukua chupa ya maji ya chumvi kutoka mfukoni, akailowesha, tukasubiri. Hata siku hiyo hakuvuta.

Chini ya soksi kulikuwa na kovu la zamani, kutoka kifundoni hadi nusu ya muundi, jembamba, lililokunjamana kama karatasi iliyoloa ikakauka.

"Niliangukia motoni nikiwa sijaota meno yote," alisema. "Wakanitia majivu. Kikapona, kikapasuka. Miaka yote kinapasuka, nakifunga mwenyewe. Huu ndio uliokuwa mwalimu wangu, Mangi. Hayo yote niliyokuonyesha, niliyaona hapa kwanza."

Katikati ya kovu kulikuwa na kidonda. Nikatazama katikati kwa sababu kulitisha, kisha nikakumbuka nikatazama pembeni. Hakukuwa na utepe wa waridi. Ukingo ulikuwa umevimba, mgumu, umejikunja kwa nje kama mdomo wa mtungi.

"Tangu lini umekuwa hivi?"

"Nilikuwa nikisafisha katikati," alisema. "Kila siku katikati. Kidonda cha zamani ni kama rafiki, humkagui."

Daktari wa zahanati yao alimkata kipande kidogo ukingoni. Nikakiandaa mimi, nikakikata, nikakitia rangi. Kusoma jibu ni kazi ya daktari bingwa, aliyekuja mjini kila Alhamisi, lakini mkono uliokata huona kwanza. Niliona Jumatano. Safu ya juu ilikuwa imevunjika. Seli zilikuwa zimeachana mikono, zimetoboa ule utando mwembamba unaozitenga na za chini, zimeteremka katika nyama kwa makundi na kwa mojamoja. Hapa na pale zilijiviringisha duara juu ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Alhamisi daktari bingwa alitazama kwa muda mfupi akaandika neno moja. Saratani.

Nilitunga sentensi njia nzima ya kupanda mlimani kwake. Alinikatisha kabla sijaketi.

"Usinieleze kwa mdomo. Nipeleke nikaone."

Nikampeleka. Akakaa kwenye kiti hiki hiki, akaweka jicho. Nikamsogezea polepole kioo chenye kile kipande, kutoka ngozi nzima kuelekea ukingoni, nisiseme kitu. Alitazama muda mrefu sana. Mkono wake ulishika meza.

"Hawa hawakusalimu," alisema.

"Hawakusalimu, Dresa."

"Wanateremka."

"Wanateremka."

Akaondoa jicho, akalifuta. "Wakate. Chini ya goti, juu ya goti, wanapojua wao. Lakini uniahidi jambo moja. Pale watakapokata, pembeni utazame wewe. Nataka kujua kama hawa wasiosalimu walikwishakimbia mbele ya kisu."

Mguu ulikatwa chini kidogo ya goti. Mguu wangu uliokuwa ukatwe aliuokoa yeye, na wake sikuuokoa. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba nilikuwa na mwaka mzima wa kumtembelea, na daktari alisema kitu kuhusu kuwahi, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Nilikata mwenyewe ukingo wa juu wa kile kipande cha mguu kilichotolewa, pale kisu kilipopita. Vioo vingi kuliko nilivyoagizwa. Nikavitazama kimoja kimoja, nikavitazama tena kwa kuvirudisha nyuma, kisha nikampa daktari bingwa naye akavitazama, na kwa mara ya kwanza sikusema mimi nimeona nini mpaka yeye aseme. Akasema. Nikafunga maabara.

Siku hiyo ndiyo niliyolipa. Nilianza na Singasinga. Sanduku nilikuwa nimelipaka mafuta, pembe za shaba zinameta. Alilifungua, akalinusa, akasema linanuka pilipili, akaingia ofisini haraka akanigeuzia mgongo. Kisha tukaenda Engutoto na mtamba niliyemnunua Oldonyo Sambu, mweusi mwenye paji jeupe, nyuma ya pikapu ya binamu. Njiani mtamba akafanya alilofanya, na binamu akasimamisha gari, akashuka, akatazama nyuma, akanitazama mimi.

"Haya, mtaalamu," alisema. "Kazi yako hiyo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani. Shangazi alimpokea mtamba wake kwa kumhesabu chuchu kwanza, kisha akanikumbatia.

Jua lilikuwa bado juu ya bega la Meru nilipofika kwa Dresa. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, kigutu kimeinuliwa juu ya stuli, kimefungwa. Hakuvaa soksi. Nilipiga shikamoo, akaitikia, macho yake yakiwa mikononi mwangu.

Nilimpa lenzi.

"Na ulichokiona?"

"Pembeni ni safi, Dresa. Kila upande. Nimetazama mara mbili, na bingwa ametazama. Safu zimesimama, zimeshikana mikono. Hakuna aliyepita."

"Kweli kweli, siyo ninachotaka kusikia?"

"Kweli kweli."

Akaitikia kwa kichwa. Aliigeuza lenzi kwenye kiganja, akapapasa ule mpini kama anahakikisha ni wake. Kisha akaniashiria maji ya chumvi yaliyokuwa kwenye bakuli kando yake. Nililowesha shashi, tukasubiri. Nikalowesha tena. Binamu, aliyekuwa amesimama getini, akakohoa.

"Mangi, vuta tu tuondoke."

"Kahesabu magari," tulimjibu wawili kwa pamoja.

Shashi iliachia yenyewe. Mshono ulikuwa umefunga vizuri isipokuwa kona moja iliyoachia kidogo, nyekundu, ukubwa wa punje ya hindi. Dresa aliinama juu ya kigutu chake mwenyewe, akaweka lenzi, akafunga jicho moja. Alikaa hivyo hata nikaanza kuogopa.

"Njoo uone," alisema, akanisogezea nafasi. "Wenye adabu wameshaondoka nyumbani. Wako njiani."